Pikipiki ya mkataba, kilemba na floti: viandikwe wapi kwenye mizania?

Barua za mwezi huu zimetufikia wakati watu wanafunga hesabu za mwaka, na karibu zote zinauliza mambo mawili: kitu hiki kikae wapi kwenye mizania, yaani orodha ya mali na madeni ya siku ya kufunga mwaka, na kiandikwe kwa thamani ipi. Mifano yote inachukua mwaka unaoishia 31 Desemba. Shilingi ni za Tanzania.

Nauza pikipiki Mwanza. Tulipofunga mwaka nilikuwa na 14. Kumi zipo dukani, moja kijana wangu anapelekea vipuri kwa wateja, na tatu nimewapa madereva kwa mkataba: kila mmoja analeta hesabu ya sh 10,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa wiki 65, kisha pikipiki inakuwa yake. Kadi zote zina jina langu. Mhasibu ameziweka zote 14 kwenye mali za kudumu kwa sababu ni vyombo vya moto. Ni sawa?

Si sawa. Mizania haiulizi kitu hicho ni chombo cha aina gani, inauliza umekiweka kwa kazi gani.

Kumi za dukani ni bidhaa. Zinakaa kwenye mali za muda mfupi kwa bei uliyozinunulia pamoja na gharama za kuzifikisha dukani, na hazitolewi uchakavu (sehemu ya gharama inayokatwa kila mwaka wa matumizi) hata zikikaa mwaka mzima bila mnunuzi. Ya kijana wa vipuri ni mali ya kudumu, na uchakavu wake huanza kuhesabiwa siku ilipokuwa tayari kwa kazi, si siku ilipopata safari ya kwanza. Ukiitoa dukani kuifanya ya kazi, ihamishe kwa gharama yake ileile. Usiipandishe hadi bei ya kuuzia, maana hakuna mtu ameinunua.

Zile tatu ndizo zenye utata. Kadi ina jina lako, lakini kadi hapo ni dhamana tu. Matairi, mafuta, ajali na faida ya kila siku ni vya dereva, na mwisho wa mkataba chombo ni chake. Kwa hiyo kihesabu umeshauza, na ulichobaki nacho ni deni unalomdai.

Tuseme pikipiki moja ilikugharimu sh 2,500,000 na kwa fedha taslimu unaiuza sh 2,900,000. Kwa mkataba utakusanya 60,000 × 65, yaani sh 3,900,000. Siku ya kumkabidhi, toa 2,500,000 kwenye bidhaa na uandike mdaiwa wa 2,900,000. Faida ya mauzo ni 400,000. Ile 1,000,000 inayozidi ni malipo ya kumsubiri, na hata usipoiita riba, kihesabu inafanya kazi ya riba: inaingia kidogo kidogo kadiri wiki zinavyokwenda. Kwa namba hizi kiwango kinatoka takriban asilimia 0.95 kwa wiki. Katika 60,000 ya wiki ya kwanza, 27,550 ni riba na 32,450 inapunguza deni. Katika ya wiki ya mwisho, riba haifiki hata 600. Kosa tunaloliona mara nyingi ni kuandika mdaiwa wa 3,900,000 siku ya kwanza. Faida ya mwaka inavimba, na madereva wakianza kukwama mwaka unaofuata hasara inakuja kwa mkupuo.

Deni hilo lenyewe hugawanywa. Kama mkataba ulianza siku ileile ya 31 Desemba, malipo ya wiki 13 za mwisho yanavuka miezi 12. Thamani yake ni takriban sh 730,000, na hiyo inakaa kwenye mali za muda mrefu. Iliyobaki, kama 2,170,000, ni ya muda mfupi. Kama tayari zimelipwa wiki 13, deni lote lililobaki ni la muda mfupi.

Dereva akishindwa na ukaichukua pikipiki, isirudi dukani kwa 2,500,000. Futa salio la deni, iingize kwa kiasi unachotarajia kubakiwa nacho ukiiuza ilivyo, na tofauti iende kwenye hasara.

Na kama makubaliano ni hesabu ya kila siku tu, bila dereva kuja kuimiliki, basi yote haya hayahusiki. Pikipiki ni mali yako ya kudumu, hesabu ni mapato ya siku.

Ninaagiza pampu za maji kutoka China na kuziuza jumla Kariakoo. Nithamini mzigo uliobaki kwa bei ya kununulia kule, kwa bei ya kontena kufika hapa, au kwa bei ya kuuzia?

Bei ya kuuzia iondoe kabisa. Ukihesabu bidhaa kwa bei hiyo, unajiandikia faida ya pampu ambazo bado zimo kwenye maboksi, na kodi utailipia.

Kanuni ni kiasi kilicho kidogo kati ya viwili: gharama ya kuifikisha bidhaa mahali na hali iliyopo, au kiasi utakachobakiwa nacho ukiiuza, baada ya kutoa gharama za kuimalizia na kuiuza. Gharama ya kuifikisha hujengwa hivi kwa mzigo wa pampu 400:

Bei ya kiwandani, sh 60,000,000. Meli na bima, 6,400,000. Ushuru wa forodha na tozo zake, 6,640,000. Bandari na wakala wa forodha, 2,400,000. Lori na wapakuaji hadi ghalani, 560,000. Jumla ni 76,000,000, sawa na 190,000 kwa pampu.

VAT (kodi ya ongezeko la thamani) iliyolipwa bandarini haimo kama umesajiliwa na utairejesha, kwa kuwa hiyo ni fedha unayoidai Mamlaka ya Mapato (TRA). Ambaye hajasajiliwa, VAT ni sehemu ya gharama ya pampu. Havimo pia kodi ya ghala baada ya mzigo kufika, mshahara wa muuzaji, na faini ya kontena kukaa bandarini kupita muda. Wengi huibebesha pampu faini hiyo, lakini uzembe wa makaratasi hauongezi thamani ya bidhaa. Ni gharama ya mwaka huo.

Tuseme zimebaki pampu 130, na 30 kati yake ni za toleo la zamani. Hizo soko linazinunua kwa 170,000, na dalali anachukua 5,000 kwa kila moja. Utabakiwa na 165,000, chini ya 190,000. Kwa hiyo pampu 100 zinaandikwa 19,000,000, na zile 30 zinaandikwa 4,950,000. Jumla ni 23,950,000 badala ya 24,700,000, na 750,000 ni hasara ya mwaka huu hata kama utaziuza Machi. Linganisha aina kwa aina. Ukichukua mzigo mzima kwa pamoja, faida ya pampu mpya itaificha hasara ya zile za zamani.

Mizigo ikiingia kwa bei tofauti, chagua njia moja: kilichoingia kwanza kitoke kwanza, au wastani wa bei kwa uzito wa idadi. Ukishachagua, usibadilishe kila mwaka kufuata faida unayoitamani. Njia ya kilichoingia mwisho kitoke kwanza hairuhusiwi na viwango vya kimataifa vya uandishi wa hesabu, IFRS, vinavyofuatwa Tanzania na Kenya.

Swali ambalo hukuuliza, lakini Kariakoo linahitajika: mali kauli. Kama umepewa mzigo uuze, ulipe kwa ulichouza na urudishe kilichobaki, mzigo huo ni wa mwenyewe. Usiuhesabu, hata kama umejaza nusu ya duka. Kama umechukua kwa mkopo na huwezi kurudisha, ni bidhaa yako, na deni la mwenye mali liandikwe upande wa pili. Siku ya kuhesabu stoo, zipange mahali pake na uzibandike alama, kwa sababu vijana wa kuhesabu hawajui makubaliano yako.

Mzigo mwingine wa pampu nilichukua kwa ankara ya dola 10,000 ambayo sijalipa. Dola imepanda. Nipandishe na thamani ya pampu?

Hapana, pandisha deni peke yake. Kama siku ya kupokea mzigo dola ilikuwa sh 2,500, pampu zimeingia kwa 25,000,000 na zitabaki hapo. Deni hubadilishwa kwa kiwango cha siku ya mizania. Kikiwa 2,600, unadaiwa 26,000,000, na ile 1,000,000 ni hasara ya fedha za kigeni kwenye hesabu ya faida na hasara. Unachodaiwa au unachodai kwa kiasi maalumu cha fedha hufuata kiwango cha leo, na bidhaa, mashine na majengo hubaki na kiwango cha siku viliponunuliwa. Malipo ya awali uliyomtumia muuzaji kwa dola nayo hayapandishwi, maana utapokea pampu, hutarudishiwa dola.

Kampuni yetu ilinunua lori la tani 3.5 tarehe 2 Januari kwa sh 48,000,000. Mhasibu katoa uchakavu wa 5,000,000. Mshauri wa kodi katoa 18,000,000. Dalali wa hapa Makambako anasema leo linauzika 52,000,000. Nani tumfuate? Tena 36,000,000 ya bei hiyo ni mkopo wa benki wa miezi 36.

Mhasibu na mshauri wa kodi wote wako sahihi, kila mmoja kwenye karatasi yake.

Mhasibu amekadiria kwamba lori litawafanyia kazi miaka 8 na mwisho wake litauzwa 8,000,000. Amegawa 40,000,000 kwa 8. Kwenye mizania lori linasomeka 43,000,000. Mshauri wa kodi hana ruhusa ya kukadiria: chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, gari la mizigo la chini ya tani 7 liko daraja la kwanza, asilimia 37.5 ya salio kila mwaka. Kwa kodi, lori limebaki 30,000,000.

Tofauti ya 13,000,000 isiachwe ikielea. Mwaka huu mmepunguziwa kodi ambayo miaka ijayo mtailipa, pale makato ya TRA yatakapokuwa madogo kuliko uchakavu wa vitabuni. Kwa kampuni inayotozwa asilimia 30, hiyo ni sh 3,900,000 ya kodi iliyoahirishwa, na inakaa kwenye madeni ya muda mrefu. Kampuni ndogo nyingi hukwepa hesabu hii kwa kutumia viwango vya TRA kwenye mizania pia. Hatuwashauri. Baada ya miaka mitatu lori hilo litasomeka chini ya sh 12,000,000 likiwa bado linakwenda Songea na kurudi kila wiki, na benki itakayosoma mizania hiyo itawaona hamna mali.

Dalali anaweza kuwa mkweli, lakini bei yake haingii. Mkitaka kutumia thamani ya soko inaruhusiwa, kwa masharti: mthamini anayejua kazi yake, magari yote ya daraja hilo na si lililopanda bei tu, na zoezi lirudiwe kila thamani inapopishana sana na vitabu. Ongezeko haliendi kwenye faida. Linaingia kwenye akiba ya uthamini ndani ya mtaji, na uchakavu wa miaka inayofuata unapanda. Kwa lori moja, ni kazi isiyo na tija.

Mkopo sasa. Kama mnarejesha 1,000,000 ya msingi kila mwisho wa mwezi, na mmelipa mara 12, salio ni 24,000,000. Nusu, yaani 12,000,000, ni deni la muda mfupi, nusu nyingine ni la muda mrefu. Riba ya miezi ijayo haiandikwi, maana bado hamjaitumia fedha kwa miezi hiyo. Kosa la kawaida ni kuchukua jumla ya chini kabisa kwenye jedwali la marejesho la benki, ambayo imejumlisha msingi na riba yote.

Angalieni pia masharti. Kama hadi 31 Desemba mmeshavunja sharti linaloipa benki haki ya kudai salio lote mara moja, basi 24,000,000 zote ni deni la muda mfupi. Barua ya benki ya kuwavumilia inasaidia tu ikiwa imetolewa kabla ya tarehe hiyo na inawapa angalau miezi 12 mbele. Iliyofika Januari imechelewa, hata kama meneja aliahidi kwa mdomo Novemba.

Nimechukua fremu Dodoma. Nilimlipa mpangaji aliyetoka kilemba cha sh 15,000,000. Mkataba wangu na mwenye nyumba ni miaka 5. Nimetengeneza makabati ya ukutani kwa 4,500,000. Ndugu yangu anasema kilemba ni gharama ya mwaka huu, mimi naona ni mali.

Wewe uko karibu na ukweli. Kilemba kimekununulia haki ya kukaa pale miaka mitano, kwa hiyo kinagawanywa kwa miaka hiyo: 3,000,000 kila mwaka. Anayefuata IFRS kamili hukijumlisha kwenye haki ya kutumia jengo chini ya IFRS 16 (kiwango cha mikataba ya upangaji), pamoja na thamani ya kodi za pango zijazo, ambazo nazo huonekana kama deni. Anayetumia kiwango cha biashara ndogo na za kati anaweza kukiweka kama mali isiyoshikika. Mgawanyo wa kilemba ni uleule.

Mkataba ungekuwa wa mwaka mmoja mmoja, jibu lingekuwa kali zaidi. Hapo kilemba kinaisha ndani ya mwaka huo, isipokuwa una haki iliyoandikwa ya kuongeza mkataba na una hakika ya kutosha kwamba utaitumia. Matumaini ya kumtoza kilemba atakayekuja baada yako hayaandikwi popote.

Makabati ya ukutani yatakayobaki kwenye fremu yatolewe uchakavu kwa muda ulio mfupi kati ya uhai wake na mkataba. Yakiweza kudumu miaka 10, bado ni 5, yaani 900,000 kwa mwaka.

Nina shamba la kahawa Mbinga, ng'ombe wawili wa maziwa na mafahali sita wa kunenepesha. Kipi ni mali ya kudumu?

Mibuni ni mali ya kudumu. Tangu 1 Januari 2016 viwango vya IFRS vinaichukulia kama mtambo: haiuzwi, inazaa. Miche, mashimo, mbolea na vibarua vya kuitunza hadi ianze kuzaa vyote hujumlishwa kwenye gharama yake, na uchakavu husubiri hadi shamba liwe tayari kutoa mavuno. Palizi ya baada ya hapo ni gharama ya mwaka.

Kahawa iliyo mtini na ng'ombe hufuata njia nyingine, ya bei ya soko ukiondoa gharama za kuuzia. Badiliko la bei au la uzito kati ya mwaka na mwaka linaingia kwenye faida au hasara. Ng'ombe wa maziwa utawaweka kwenye mali za muda mrefu, mafahali utakaowauza ndani ya mwaka kwenye za muda mfupi. Gharama ya kusafirisha hadi mnadani hutolewa kupata bei ya hapo ulipo, kwa hiyo bei ya mnada wa Pugu, Dar es Salaam, usiinukuu kama ilivyo ukiwa Mbinga.

Kahawa ikishavunwa, thamani yake ya siku ya mavuno inakuwa ndiyo gharama yake, na kuanzia hapo ni bidhaa kama pampu za Kariakoo. Ikiwa iko AMCOS (chama cha ushirika cha mazao) inayokuuzia kwa niaba yako na haijanunuliwa, bado ni yako, na malipo ya awali uliyokwisha kupokea ni deni.

Jumla ya wadaiwa wetu ni sh 31,000,000. Mkaguzi anataka tuandike 30,400,000, na wakati huohuo anasema wadaiwa kabla ya makato ni 33,000,000. Ametuchanganya.

Kuna hatua mbili. Kwanza, ndani ya 31,000,000 mna wateja waliotanguliza fedha, jumla 2,000,000, na programu ya hesabu imewatoa kwenye mnaowadai. Hao mnawadai nini? Ninyi ndio mnadaiwa mzigo. Wahamishieni kwenye madeni ya muda mfupi, na wadaiwa wa kweli wanakuwa 33,000,000.

Pili ni makadirio ya watakaoshindwa kulipa. Panga madeni kwa umri na utumie viwango vinavyotokana na kumbukumbu zenu wenyewe, mkivirekebisha kwa hali ya biashara inayokuja. Kwa mfano: siku 0 hadi 30, sh 20,000,000 kwa asilimia 1, ni 200,000. Siku 31 hadi 60, 6,000,000 kwa asilimia 5, ni 300,000. Siku 61 hadi 90, 4,000,000 kwa asilimia 15, ni 600,000. Zaidi ya siku 90, 3,000,000 kwa asilimia 50, ni 1,500,000. Jumla 2,600,000, na kinachobaki ni 30,400,000. Viwango hivyo msivinakili. Duka la dawa linalodai hospitali na fundi wa milango hawana wadaiwa wa aina moja. TRA haitambui makadirio haya kama makato: deni hukatwa baada ya kulifuatilia kwa hatua za maana na kushindwa, kwa hiyo tunzeni barua na nyaraka za kudai.

Mimi ni wakala wa fedha kwa simu, Kilifi. Floti ni mali yangu au ya kampuni ya simu? Na kamisheni?

Floti, yaani salio la kwenye simu unalohudumia wateja, ni yako, uliinunua kwa fedha zako. Iandike pamoja na fedha taslimu, ukitenganisha mistari ya droo na ya simu kwenye daftari. Mteja akiweka fedha, droo inapanda na floti inashuka kwa kiasi hichohicho. Akitoa, kinyume chake. Kwa hiyo jumla ya viwili haibadilishwi na miamala ya wateja, na jioni ikipungua bila wewe kutoa kitu, kuna noti bandia, chenji iliyozidi au muamala uliotumwa kwa namba isiyo yake. Kamisheni ya Desemba itakayolipwa Januari ni mdaiwa wa 31 Desemba. Floti uliyokopeshwa na wakala mkuu iandikwe mara mbili: kwenye mali, na kwenye madeni ya muda mfupi.